Siku Walipouliza Kwao Faith ni Wapi

Wenzangu vijana mnaobaki pale makaoni mmeniomba niandike ya miaka yangu ya kazi kabla sijayasahau. Sijasahau hata moja, ila mkinikuta natafuta miwani ambayo nimeivaa, msicheke. Habari za nani alipandishwa cheo na nani alipewa ofisi yenye dirisha nawaachia wenyewe, maana wanazikumbuka kuliko mimi. Nitaandika yaliyonishtua. Ni mengi, na anayedhani itafika siku atakapozoea kulea watoto wa watu bado hajaianza kazi.

Niliingia mwanzoni mwa mwaka 2008, Eldoret ikiwa bado inanuka moshi wa fujo za uchaguzi. Nilikuwa mshonaji wa sare za shule, na duka nililokuwa nikishonea lilichomwa pamoja na cherehani yangu. Kwetu ni kule upande wa ziwa, lakini barabara hazikupitika, kwa hiyo hata kukimbilia kwetu sikuweza. Jirani akaniambia kuna makao ya watoto yanatafuta akina mama wa kusaidia, kwa sababu watoto waliletwa kila siku kutoka uwanja wa maonyesho, ambako watu waliofukuzwa makwao walikuwa wamepiga kambi. Nikaenda nikijua ni kibarua cha muda, mpaka mambo yatulie. Nimestaafu juzi.

Siku yangu ya kwanza lori liliingia uani limejaa watoto. Nilikuwa nimejiandaa kwa vilio. Nilikuwa na kitambaa begani cha kufuta machozi na nyimbo mbili za kubembeleza kichwani. Mlango wa lori ulipofunguliwa, sikusikia hata kikohozi. Walikaa wamebanana, macho mbele, kama watu wazima waliochoka na safari. Nikauliza kama wameambiwa wanyamaze. Mlezi mkuu, Mama Truphosa, ambaye ndiye aliyenifundisha kazi hii yote, alinivuta pembeni.

"Consolata, mtoto akilia ni mzima," akaniambia. "Hawa ndio wa kuogopa. Leta uji."

Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni yake: uji kwanza, maswali baadaye. Mtoto aliyeshiba anaweza kukumbuka jina lake. Na kulikuwa na swali moja ambalo halikuulizwa kabisa, nalo ni kabila. Siku zile swali hilo lilikuwa limeua watu barabarani, na Mama Truphosa hakutaka lipite geti. "Ukitaka sana kujua," alisema, "angalia kama anakimbilia githeri, ile ya mahindi na maharagwe, au ugali, na ukishajua funga mdomo."

Katika lori lile alikuwemo Faith. Alikuwa na miaka minne hivi, labda mitano, na mkononi ameshika mfuniko wa sufuria. Sufuria yenyewe hakuna aliyejua ilibaki wapi. Mama mmoja alimkuta kwenye foleni ya maji pale uwanjani, peke yake, akakaa naye mpaka alipoona hakuna anayekuja. Nilimpa uji, akamaliza, nikamwuliza.

"Unaitwa nani?"

"Faith."

"Na mama anaitwa nani?"

"Mama Faith."

"Baba je?"

"Baba Faith."

"Kwenu ni wapi?"

"Kwa ploti."

Nilicheka, halafu kicheko kikanikauka mdomoni. Mtoto alikuwa amejibu vizuri kabisa. Sisi watu wa mitaa ya kupanga ndivyo tunavyoishi. Mwanamke akijifungua mtoto wa kwanza, jina lake linazikwa, na ploti nzima inamwita Mama Fulani mpaka afe. Jirani yangu niliyeazimana naye chumvi miaka mingi sikumjua jina lake la ubatizo. Waliomjua Mama Faith kwa jina walikuwa ni watu wa ploti ile, na ploti ilikuwa imeteketea na watu wake wametawanyika. Tulitangaza redioni, tukazunguka kambi hadi kambi, tukauliza machifu. Akina Mama Faith walijitokeza kadhaa, kila mmoja akimtafuta Faith wake. Walimtazama huyu wetu, wakatikisa kichwa, wakaenda wakilia. Sijui mengine, lakini hayo nayaona mpaka leo nikifumba macho.

Basi akakaa, nami nikakaa. Wengine nitawasimulia tukikutana. Kazi yenyewe mnaijua: kengele yetu ilikuwa rimu ya lori iliyotundikwa mtini na kugongwa kwa bolti, na mwiko wetu ulikuwa mrefu kama mpini wa jembe. Mpishi wetu, Mama Shiru, Mkikuyu ambaye naye nyumba yake ilichomwa, alisonga ugali wa watoto wote akiwa amesimama juu ya kibao. Getini alikuwa Mzee Kiprop, Mnandi mwenye koti moja la mvua na jua. Mama Shiru na Mzee Kiprop, ambao watu wao walikuwa wamepigana, hawakusalimiana mwaka mzima wa kwanza. Walioanza kuwapatanisha ni watoto, waliotumwa na huyu kwa yule kuomba kiberiti na kurudisha kiberiti, mpaka siku moja mpishi akachoka na kutumatuma, akapeleka chai getini mwenyewe.

Kengele ya kuamka, kengele ya kuoga, kengele ya kula, kengele ya dawa. Wageni wa misaada walipokuja walisifu sana utaratibu wetu, wakapiga picha foleni ya watoto wenye sahani. Sisi pia tulijivuna. Nyumba yenye watoto wengi bila ratiba ni soko.

Faith alikua, akamaliza kidato cha nne, na siku ya kuondoka ikafika. Mnajua desturi: wimbo, maombi, sanduku la bati, blanketi, sufuria moja na Biblia, halafu geti. Meneja, ambaye wakati huo alikuwa mpya na mwenye maneno mengi ya semina, alikuwa na kanuni kwamba aliyetoka asirudi kula wala kulala, asije akazoea. Hilo aliliita kujitegemea. Mimi nilipoolewa nilirudi kwetu kuomba hata chumvi, na siku zile nilikuwa na mume mwenye mshahara. Lakini sikuwa na cheo cha kubishana na semina.

Faith akapata kazi kwenye duka la kufuma sweta za shule mjini, na chumba huko Kapsoya, si mbali na kwangu. Nilimwacha kidogo, halafu Jumapili moja baada ya kanisa nikapita kumwona. Chumba kilikuwa safi, blanketi limekunjwa pembe nne kama la bwenini. Mezani kulikuwa na sufuria kubwa ya kuazima, na ndani yake ugali wa kulisha matanga.

"Unangoja wageni?" nikamwuliza.

"Hapana, Auntie."

"Sasa huu ugali wote?"

Akainamisha kichwa. "Sijui ya mtu mmoja inapikwa aje. Nikipunguza unga, maji inanishinda. Nikipunguza maji, inakuwa mawe. Nilikuwa nasaidia Mama Shiru, so najua ile ya watu wote tu. Inayobaki napatia mbwa za landilodi."

Nilisimama na mkoba wangu mkononi kama mtu aliyepigwa kofi. Miaka yote hiyo tulimfundisha hesabu, Biblia na kufuma, na hatukujua kwamba hajawahi kuona chakula cha mtu mmoja. Nikavua kitambaa, nikachukua kikombe, nikampimia maji. Alitazama kile kikombe kwa makini kuliko alivyowahi kuitazama ramani ya Afrika.

Haikupita muda mrefu, mama mwenye nyumba akanipigia simu: msichana wako hatoki ndani. Nikaenda mbio. Nilimkuta amelala juu ya blanketi, anawaka moto wa malaria, midomo imepasuka. Hospitali ilikuwa umbali wa boda boda moja, na pesa ya kwenda alikuwa nayo chini ya godoro.

"Kwa nini hukuenda, Faith?"

"Nilikuwa nangoja mtu aseme niende."

Nawaambia ukweli, niliogopa kuliko yeye mwenye homa. Kule makaoni muuguzi ndiye aliyeshika paji la uso, kengele ya dawa ikalia, ukapanga foleni. Hakukuwa na kengele Kapsoya. Alipopata nafuu nilikwenda kumwambia Mama Truphosa, ambaye alikuwa amestaafu na miguu imemkataa. Alisikiliza mpaka mwisho, akashika tama.

"Tuliwafundisha kupanga foleni," alisema. "Sasa huko nje, foleni iko wapi?"

Mwaka wangu wa mwisho wa kazi, Faith alikuja kwangu akiwa amevaa vizuri na hataki kukaa. Kulikuwa na kijana, Simiyu, fundi aliyekuja dukani kwao kutengeneza mashine za kufuma. Mashine moja, nilikuja kugundua, iliharibika mara nyingi kuliko ilivyohitaji. Nilimpenda Simiyu. Alikuwa mpole, anapokea chai kwa mikono miwili.

"Auntie, wazee wao wanataka kuja kwetu kunichumbia," Faith akasema.

"Kwenu wapi?"

"Ndiyo nimekuja kuuliza."

Nilimwendea meneja. Akanijibu kwa upole kwamba faili ya Faith ilishafungwa, na makao hayaozeshi watu. Hiyo nayo ni kweli, hata sheria ya kumbana sina. Nikatoka nikawaambia Mama Shiru na Mzee Kiprop, ambao wote wawili walikuwa wamestaafu kabla yangu. Mzee Kiprop alifikiri kidogo, akasema, "Mimi nimemfungulia huyu mtoto geti tangu akiwa hivi. Nitakuwa mjomba." Mama Shiru akasema yeye ni mama mdogo na ubishi hautaki. Wageni wangekuja nyumbani kwangu Kapsoya, vyumba viwili na kijistoo ninachoweka cherehani.

Jumamosi yenyewe tulichinja kuku, tukaazima viti kanisani. Faith alikuwa amekonda kwa wiki ile. Kila baada ya muda alinivuta jikoni. "Auntie, wakikataa, Simiyu atafanya nini? Anaeza nioa bila wao?" Nikamwambia atulie. Ndani yangu nilijua Simiyu ni mtoto wa watu, na mtoto wa watu husikiliza watu wake. Wakimkataa Faith, hatakuwa na mtu wa kumlilia ila sisi wazee watatu.

Wakaja kutoka Bungoma: Mzee Khaemba msemaji wao, wazee wengine wawili, Simiyu mwenyewe, na shangazi yake, Mama Nafula, mwanamke mwembamba aliyekaa karibu na mlango na hakuvua sweta. Salamu zikaenda vizuri. Mzee Khaemba akasafisha koo, akasema walipita njia hii wakaona kitu kizuri kwenye boma hili. Mzee Kiprop akajibu kwamba boma lina vitu vizuri vingi, waseme ni kipi. Tukacheka wote. Halafu mzee akataka kutujua.

"Wewe mjomba, wewe ni wa wapi?"

"Mosoriot," akasema Kiprop.

"Na huyu mama mdogo?"

"Mimi ni wa Nyandarua," akasema Mama Shiru, kidevu juu.

"Na mama mwenye nyumba?"

Nikamwambia ninakotoka. Mzee Khaemba akatutazama mmoja baada ya mwingine, akageuka kwa wenzake. "Sasa hii ni familia aina gani? Hii ni Bunge." Mmoja alicheka, akajizuia. Mzee akaendelea, na sauti haikuwa tena ya mzaha. "Ukoo wa msichana ni upi? Kwetu mtu haoi ukoo wake. Kama ni dada yake, je?"

Niliwasimulia yote: lori, mfuniko, Mama Faith na Baba Faith. Wazee walishika vichwa. Mzee Khaemba mwenyewe, mwaka ule wa moshi naye alikuwa amepoteza mtu, nikaona kwenye uso wake. Akasema hilo la ukoo wazee wana njia zao za kulisafisha. Nikaanza kupumua. Mama Shiru akainuka kwenda kuandaa sahani.

Ndipo shangazi aliyekaa mlangoni akafungua mdomo.

"Mimi ya ukoo sina shida. Nauliza, kitanda yake iko wapi?"

Hatukumwelewa.

"Kitanda ya msichana. Siku wamekosana na bwana yake, akuje na mtoto mgongoni, atalala wapi? Nionyesheni."

"Mama, hii si siku ya kuongea kukosana," Mzee Khaemba akamwambia.

"Ni leo. Huyu kijana ni wa ndugu yangu, nimemlea, nampenda. Sisemi anapiga. Lakini baba yake alikuwa anapiga. Babu yake alikuwa anapiga, mimi nikiangalia. Wake wa boma yetu wenye wako hai ni wale walikuwa na kwao. Bwana akijua hauna pa kwenda, mkono yake inakuwa nyepesi."

 Sijawahi kusikia mtu akisema hivyo mbele ya wakwe, mbele ya kijana mwenyewe. Simiyu alitazama sakafu, masikio yamemwiva. Shangazi aliinuka, akapita katikati yetu, akafungua mlango wa chumba changu, akaona kitanda changu kimoja. Akafungua kistoo, akaona cherehani na magunia. Akarudi, akanitazama usoni bila dharau hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma.

"Kitanda hakuna," akasema. "Hii ni nyumba ya watu wazuri, lakini msichana bado hana kwao. Tutarudi ikiwa iko."

Wakaondoka bila kula. Nyinyi mnajua maana yake, mgeni wa posa kuacha kuku mezani. Mzee Kiprop alibaki amesimama na koti lake, mdomo wazi. Mimi nilikasirika, nikasema maneno ambayo mimi, mwalimu wa shule ya Jumapili kanisani, sitakiwi kuyajua. Mama Shiru alilia. Faith hakulia. Alienda jikoni akaanza kuosha sahani ambazo hakuna aliyezilia, moja moja, akizipanga kwa foleni.

Hasira yangu iliisha nilipokuwa nakunja vitambaa vya meza. Mwanamke yule aliuliza swali ambalo semina zote hazikuwahi kuuliza. Sisi mtoto akitoka, kitanda chake kinapewa mwingine kabla shuka haijakauka, na lazima iwe hivyo, maana kuna mwingine anangoja mlangoni. Tumewatoa vijana wangapi kwa wimbo na maombi, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na mahali pa kurudi akishindwa? Na kushindwa ndiyo kazi ya kwanza ya ujana. 

Jumatatu tulianza. Cherehani nikaihamishia sebuleni, wageni wataizoea. Mzee Kiprop alileta mbao za msaipresi kutoka shambani kwake, na fundi wa kando ya barabara akaunga kitanda nasi tukimsimamia mpaka akaomba tumwache apumue. Mama Shiru alileta godoro. Shuka nilishona mwenyewe, na ndiyo kazi ya mkono niliyoionea fahari kuliko sare zote nilizowahi kushona. Faith alitazama yote haya. Usiku wa siku kitanda kilipokamilika aliacha chumba chake cha kupanga akaja kulala.

Kesho yake, siku ya soko, shangazi alikuja peke yake, bila taarifa, na ndizi kwenye kikapu. Hakungoja kukaribishwa. Aliingia kistoo, akabonyeza godoro kwa mikono miwili, akaketi juu yake, akajirusha kidogo kama anayepima ng'ombe mnadani.

"Mimi nilirudi kwetu mara moja," akaniambia, akiutazama ukuta. "Jino imetolewa. Nikapata kitanda yangu wamewekea magunia ya mahindi. Nililala juu ya magunia. Lakini nililala." Akainuka kitandani. "Haya. Nitawaambia wazee wakuje Jumamosi."

Akakubali chai, akakubali na chakula, akala akamaliza. Nilimsindikiza mpaka barabarani tukishikana mikono, tukicheka kama wasichana. Nikarudi mbio, miguu yangu mibovu hii, nikimtafuta Faith. Nilimkuta kistoo, amevua viatu, sanduku lake la bati limesukumwa chini ya kitanda.

"Wanakuja!" nikamwambia. "Shangazi amekubali. Jumamosi!"

Nilitarajia arukeruke. Alikunja miguu, akavuta shuka mpaka kiunoni.

"Auntie, waambie wangoje kidogo."

Nilidhani sikusikia. "Wangoje nini? Si Simiyu ndiye unayemtaka?"

"Namtaka. Yeye nitamwambia mwenyewe, na akinipenda atangoja." Alipapasa mbao za kitanda kwa kiganja, polepole, mpaka pembeni. "Lakini wasichana wote wakiolewa wanatoka kwao. Mimi kwetu nimefika jana."